Picha ya Saa Nne na Dakika Kumi

Mimi sijui kunyamaza. Wanaonijua pale Luthuli, katikati ya Nairobi, wanalijua hilo, na marehemu mume wangu alilijua kuliko wote. Ukiniuliza kama gauni limekukaa vizuri na halijakukaa, nitakuambia halijakukaa. Ndiyo maana habari hii ya Clifford Ochola, niliyoifungia kifuani tangu Julai ya mwaka jana, imenichosha. Leo naisimulia, ila kuna mtu mmoja ambaye naomba sana isimfikie.

Tunagawana duka, mimi na Clifford. Kusema duka ni kujisifu. Ni kibanda cha vioo ndani ya jumba lililokatwa vipande vipande, ghorofa ya kwanza, ukimaliza ngazi ugeuke kushoto. Mimi nauza vifuniko vya simu na chaja. Yeye, upande wa pili wa meza hiyo hiyo, anauza kamera za ulinzi, kisha anaenda kuzifunga nyumbani kwa watu. Tumekaa hivyo miaka sita, magoti yakigusana, na kwa miaka hiyo sita nimemwambia anyoe ndevu na hajanyoa.

Ni mtu wa polepole. Mteja akimuuliza bei anafikiri kwanza, mpaka mimi namjibia. Akifanya kazi anaongea na waya kwa sauti ya chini, anazibembeleza. Lakini mkono wake ni safi. Nyumba alizofunga kamera kule Spring Valley kwa matajiri hutaona waya unaoning'inia wala tundu lililoachwa wazi ukutani. Nyumbani kwake mwenyewe, Mutuini, swichi ya sebuleni ilikaa miaka miwili bila kifuniko, nyaya zikimtolea kila mtu macho. Nilimcheka sana kwa hilo. Mafundi wote ndivyo walivyo: kazi ya mteja inaisha leo, ya nyumbani inangoja Jumapili, na Jumapili ikifika fundi amechoka.

Huko Mutuini alikuwa anaishi na babake, Mzee Zadock. Mzee alikuwa bawabu Spring Valley kwa miaka ishirini na saba, geti moja tu, mpaka wenye nyumba wakazeeka naye. Alipostaafu alirudi kwao Siaya. Mkewe, Mama Phoebe, alipofariki, mzee akaanza kupungua. Masikio yalikuwa yameshaziba, sasa na miguu ikawa haimwamini. Clifford akaenda kumchukua. Watoto wa mzee ni wawili tu, yeye na dada yake Ivyne, na Ivyne yuko Doha, anafanya usafi hotelini. Mke wa Clifford aliondoka zamani, na hiyo si habari ya leo.

Nyumba ni vyumba viwili katika ploti yenye wapangaji sita, ng'ombe wa mwenye ploti upande mmoja, choo nyuma. Mchana wapangaji wote wako kazini isipokuwa Rael, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye husuka watu nywele. Mwanzoni Rael alikuwa akichungulia kwa mzee kila saa. Hata mwenye ploti akienda kukama ng'ombe alikuwa akipita kumsalimia. Kisha Clifford akafunga kamera, na wote wakapumua. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, maana nani anamchungulia mtu ambaye mwanawe anamwona kutoka mjini?

Kamera zenyewe huja na programu yake ya simu, lakini Clifford hakuitaka. Alisema hawezi kuziacha picha za babake zilale kwa watu asiowajua. Akatengeneza tovuti yake mwenyewe, akaipa jina la mzee, na nywila tukaijua watu watatu: yeye, Ivyne na mimi. Ukiifungua hakuna mapambo yoyote. Ni picha moja kubwa ya sebule, inabadilika kila dakika: kiti cha mzee, stuli ya chai, dirisha. Kwenye meza yetu tulikuwa na skrini ndogo ya kuwaonyeshea wateja, na pasipokuwa na mteja, aliyekuwa humo ni Mzee Zadock.

Nilidhani mzee atakataa kutazamwa, mtu aliyekula mshahara wa kutazama wengine. Wapi. Aliichukua kamera kama mwenzake wa zamu. Asubuhi alikuwa anasimama mbele yake, anaweka mkono kichwani kama askari, ndipo anaketi. Siku nilipoenda kumtembelea aliniita nyar Ukambani, yaani binti wa Ukambani, akaniambia nisivae ile blauzi ya kijani dukani kwa sababu mwanawe anachanganyikiwa. Nikajua kumbe Clifford humsimulia yote.

Sasa, simu mzee hakuisikia. Ndipo wakapatana habari ya kofia. Ile kofia yake ya kazi, ya buluu, nzito, haikutoka mikononi mwake. Clifford akamwambia: ukitaka kitu, iinue juu ya kichwa, uishike hivyo mpaka uhesabu sitini, kwa sababu picha inakuja mara moja kwa dakika na sitaki nikukose. Mzee alikuwa anahesabu kwa Kijaluo, kwa sauti, kama ilivyo kwa mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. Clifford akiona kofia juu anampigia Rael, Rael anaingia kuuliza kuna nini. Mara nyingi ni maji, au kusindikizwa chooni. Siku moja alitaka tu kujua kama mjini kunanyesha. Kwa miezi minane mpango huo haukuwahi kutuangusha.

Taabu ilikuwa stima. Mutuini ilikuwa inapotea inavyotaka, na stima ikipotea, kamera na kisanduku cha intaneti vinazima pamoja. Hapo tovuti ilikuwa inaonyesha weusi na maneno mawili: hakuna picha. Clifford alijua maana yake, anampigia Rael na kumwomba achungulie, bila kumweleza sababu, basi. Lakini Ivyne huko aliko hakujua stima imepotea. Yeye aliona weusi tu. Alikuwa anapiga simu akilia, mara tatu kwa wiki, mara nyingine yuko zamuni, amejificha na ndoo zake. Siku moja msimamizi alimkuta, akamwonya kwamba akilia tena mbele ya wageni atarudishwa nyumbani. Usiku ule alimpigia Clifford, akamwambia hawezi tena, kila akiona weusi anaona jeneza.

Kesho yake Clifford alikuja dukani na kompyuta yake. Nilikuwa nimekaa pale pale, magoti yetu yakigusana, nikimwona akiandika. Alibadilisha mistari michache: picha mpya isipofika, ile ya mwisho ibaki palepale. Saa iliyokuwa pembeni ya picha akaiondoa pia, kwa sababu kila stima ikipotea ilikuwa inarudi nyuma miaka ishirini, na Ivyne alikuwa anaiuliza hiyo nayo. Nikamuuliza, na wewe je, utajuaje kama picha ni ya sasa? Akasema ataweka kitone chekundu pale chini kitakachomwonyesha yeye mwenyewe, kidogo tu, dada yake asikione. Mteja akaingia, anataka kamera nne za godauni. Clifford akafunga kompyuta, akasema kitone atakiweka Jumapili.

Nami nilimsifu. Nikasema, sasa Ivyne atapumzika na sisi tutapumzika. Hayo maneno ni yangu, siwezi kumsingizia mtu.

Ivyne kweli akaacha kulia. Jumapili zikapita kama sita.

Ilikuwa Jumanne. Ile baridi ya Julai yenye manyunyu, anga limeziba kutoka asubuhi hadi jioni, huwezi kujua ni saa tatu au ni saa tisa. Wateja hakuna. Saa nne nilimtazama mzee kwenye skrini, ameketi, kikombe kiko kwenye stuli, kofia iko gotini. Nikauza chaja moja. Saa sita nikatazama, ameketi. Tukala githeri yetu, nikatazama tena, na mdomo wangu huu ukasema:

"Leo mzee ako studio. Hata hapepesi macho."

Clifford akacheka. Akasema ni baridi, babake akishikwa na baridi hujikunyata hivyo hata nusu siku. Tukaendelea kula.

Saa kumi na moja kasorobo simu yake ikalia, ni Rael. Alikuwa anapiga kelele hivi kwamba nilisikia kila neno.

"Clif, kuja. Mzee ameanguka huku nyuma, kwa njia ya choo. Amelowa, ako baridi kabisa."

Clifford akageuza uso akatazama skrini. Hakuonyesha hofu. Akamjibu kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake wasiwasi.

"Hapana, Rael. Baba ako kwa kiti. Si namwona hapa?"

"Clif, ni mimi nimemshika."

Aliweka simu chini bila kuizima. Akafungua ukurasa upya. Picha ikaja, ile ile. Akafungua tena. Kiti, kikombe, kofia gotini. Mara ya tatu akaingia kule ndani kwenye rekodi za tovuti, ambako mimi sielewi, ila nambari niliisoma pamoja naye: picha ya mwisho ilifika saa nne na dakika kumi. Uso wake sitausahau. Aliinuka akatoka mbio, koti likabaki kwenye kiti, na Rael kwenye simu bado akiita jina lake.

Transfoma ya mtaa ilikuwa imelipuka asubuhi ile. Hayo tuliyajua baadaye.

Mzee alikuwa amevunjika nyonga, na baridi ya saa nyingi kwenye matope ilikuwa imeingia mapafuni. Daktari alisema mfupa peke yake usingemuua. Jumatano mchana nilienda kumwona hospitalini na chupa ya uji. Alikuwa na akili zake. Clifford alikuwa ameketi karibu na kichwa chake, na tangu jana alikuwa hajala. Mzee aliponiona akabadilisha lugha, akaanza kusema Kiswahili. Hakuwahi kuongea lugha yake mbele ya mgeni asiyeijua, hata siku ile, hata kwa pumzi ile.

"Niliinua kofia," akamwambia mwanawe. "Kichwa kilikuwa kinazunguka, nikataka mtu anipeleke choo. Nikahesabu sitini. Nikarudia. Nikarudia tena, mara tatu. Nikaona leo uko na wateja wengi, nikasema nisikusumbue, acha niende mwenyewe."

Hakuwa analalamika. Alikuwa anatoa ripoti ya zamu. Clifford alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Na mimi, mwenye mdomo, nilimimina uji ukamwagika. Mzee akaongeza kwamba kofia imebaki kwenye matope, Rael aambiwe aifue. Alhamisi asubuhi akafariki.

Tulikaa matanga Mutuini kabla ya kumsafirisha Siaya. Hapo ndipo Rael aliponishika mkono akanitoa nje, nyuma ya zizi la ng'ombe. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha. Alinieleza kwamba siku ile alimsikia mzee kupitia ukutani. Alisikia hesabu ya kwanza yote, mpaka sitini, na ya pili, na ya tatu. Akaweka simu yake kando ya karai la nguo akingoja Clifford apige, kwa sababu ndivyo mpango ulivyokuwa. Simu haikulia. Akaona basi, Clif anamwona babake, labda ameona ni jambo dogo. Akaenda Kinoo kusuka mtu. Alijua stima imepotea, taa zilikuwa zimezima, lakini haikumjia kwamba kamera nayo inakula stima. Aliniuliza mara nyingi kama ni yeye aliyemuua. Nilimwambia si yeye, na hapo nilikuwa nasema kweli.

Clifford alikuwa ameing'oa kamera ukutani ile Jumatano jioni, kabla stima haijarudi, akaitupa kwenye karai pamoja na waya zake. Kwa hiyo kwenye tovuti hapakuwahi kufika picha nyingine. Ilibaki ile.

Ivyne hakupewa ruhusa ya kuja kuzika. Aliuangalia udongo ukifunika jeneza kwenye simu ya binamu yao, picha ikikatika na kurudi. Aliambiwa mzee alianguka jioni, akapelekwa hospitali, ikashindikana. Wiki mbili baadaye alipiga simu ya video, Clifford yuko dukani, mimi niko pembeni. Alikuwa amevaa sare yake ya kazi, macho yamevimba, lakini alitabasamu.

"Clif, Mungu akubariki kwa hiyo kamera," akasema. "Hiyo Jumanne nilimwangalia Baba kila nikipata nafasi. Asubuhi, lunch, hata saa kumi. Alikuwa ametulia tu kwa kiti yake. Wengine huku wanapoteza wazazi na hawajawaona miaka nne. Mimi nilimwona mpaka mwisho. Tafadhali usitoe hiyo picha. Nikiamka huwa namsalimia kwanza."

"Siitoi," Clifford akasema.

Simu ilipokatika nilimrukia. Nilimwambia mambo makali, yote siwezi kuyaandika. Nikamwambia kumficha dada yake wa toka nitoke ni uoga, kwamba msichana wa watu anasalimia uongo kila asubuhi, kwamba ana haki ya kujua babake alilala matopeni kutwa nzima akiwa peke yake. Nikamwambia kama yeye hana mdomo, mimi ninao, na nambari ya Ivyne ninayo. Aliniacha nimalize. Alichukua bisibisi, akaiweka, akaichukua tena.

"Mama Kitavi," akasema, "nikimwambia picha ilikwama, ataniuliza kwa nini ilikwama."

Simu niliyokuwa nimeshaishika nikairudisha mezani. Nilikuwepo alipoandika ile mistari. Nilijua aliiandika kwa ajili ya machozi ya nani, na nani alikaa pembeni akamsifu. Clifford hakuwa anajificha. Alikuwa amesimama mlangoni ili kile kitu kisimfikie dada yake, na kilikuwa kinampiga yeye peke yake.

Baada ya hapo alifanya jambo moja. Aliwapitia wateja wake wote aliowahi kuwatengenezea ukurasa, kutoka Spring Valley mpaka Kinoo, bila kuwatoza kitu. Kwa kila mmoja akaweka saa kubwa juu ya picha, na picha ikichelewa dakika mbili, skrini nzima inakuwa nyekundu. Wengine walilalamika kwamba inawatisha. Aliwaambia ndiyo kazi yake. Ukurasa wa mzee peke yake ndio haukuguswa. Nyumbani Mutuini amehama. Swichi ya sebuleni, Rael aliniambia, aliifunga kifuniko siku ya kuondoka. Kofia ilifuliwa, ikazikwa pamoja na mwenyewe.

Wiki iliyopita Clifford alikuwa juu ya ngazi mahali fulani, simu yake haishiki. Ivyne akanipigia mimi. Tulisalimiana, akauliza kuhusu mwanangu Kitavi, akauliza biashara. Kisha akaniambia intaneti ya bwenini kwao imekatika tangu jana, ukurasa haufunguki kwake, na leo hajaweza kumsalimia Baba. Akaniomba nimfungulie hapo dukani nimwambie tu kama bado yuko.

Nikafungua. Skrini ikajaa ile sebule. Dirisha lina kijivu cha Julai, chai iko kwenye stuli, haijanywewa. Mzee anatazama mbele, sawasawa ananitazama mimi. Mkono wa kulia umeshika ukingo wa kofia, na kofia iko gotini, bado hajaiinua.

"Mama Kitavi, umemwona?"

"Nimemwona," nikamwambia. "Ametulia."